Mkuki wa Mhehe

1

Mara ya kwanza Sikio, kifaa cha kituo chetu cha kuwasikiliza wagonjwa, lilipopiga king'ora kutoka nyumbani kwa Otilia Ngonyani, gari la dharura lilimkuta anasukuma chapati. Wauguzi wanne waliingia mbio na machela, viatu vimejaa tope la mtaa wa Lizaboni. Yeye akawatazama juu mpaka chini, akauliza kama wamekuja kula au wamekuja kumbebea unga. Asubuhi ile alikuwa ameliambia Sikio kwamba amekufa tangu saa kumi na moja na kwamba mazishi yanasubiri chapati tu. Sikio lingefanya nini? Limefundishwa kwamba mgonjwa wa saratani ya titi akitaja kifo, watu wakimbie.

Gari lilikwenda mara sita kabla Kwaresima haijaisha. Mara ya saba Daktari Rwegoshora, mkuu wa kituo chetu pale chini ya milima ya Matogoro, aliniita ofisini.

"Vestina, wewe si Mhehe?"

"Mhehe wa Kalenga, Daktari."

"Na huyu mama ni Mngoni. Basi mimi hapo sioni shida, naona dawa."

Yeye mwenyewe ni Mhaya, lakini miaka kumi ya Songea ilikuwa imemfundisha mambo. Alijua kwamba mababu wa Wahehe na wa Wangoni walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakatuachia wajukuu matusi yasiyouma. Mtani anaweza kukuita mateka mbele ya askofu na ukacheka. Sikio lilijua kusoma homa katika sauti ya mtu, lilijua kutofautisha kikohozi cha moshi na kikohozi cha pafu, ila utani lilikuwa halijapata kuuona.

Kwa hiyo nilipewa kitufe cha njano. Kila asubuhi ningesikiliza dakika tatu ambazo Otilia, kama kila mgonjwa, huzungumza na Sikio, na penye mzaha ningebonyeza. Neno lililobonyezwa, Sikio lingeliacha lipite. Nikaambiwa pia niende nikamwone, maana mtani wa kwenye spika si mtani.

Nilimkuta mbele ya mashine yake ya kufuma, anafuma masweta ya shule. Alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, mfupi, mabega kama ya mbeba magunia. Sikio, kifaa chenye ukubwa wa kisahani cha chai, alikuwa amelining'iniza ukutani kati ya kalenda ya parokia na kamba ya vitunguu.

"Wameniletea Mhehe," alisema bila kugeuka. "Ficheni mbuzi."

"Nimekuja kuhesabu mateka wangu," nikamjibu. "Nasikia mmoja alitorokea Lizaboni."

Akageuka. Alikuwa na mwanya mkubwa, na alipocheka mwanya ule ulijaza uso mzima. Nilimpenda hapo hapo, sina haja ya kuzunguka.

2

Siku ile ile alitaka nimweleze dawa yake. Alikuwa ameshaelezwa mara mbili na watu waliosoma kuliko mimi, na mara zote mbili alikuwa ameitikia ndiyo ili waondoke.

"Sema kwa lugha ya watu. Hiki ninachojidunga kila Jumatatu kinafanya nini?"

Nilitazama ukuta wake. Kulikuwa na karatasi za michoro ya masweta, zimebandikwa kwa gundi ya unga.

"Ukitaka kufuma sweta la shule fulani, unaanzaje?"

"Natoa mchoro wake kabatini, nanakili, narudisha mchoro. Nafuma kwa nakala. Mchoro wenyewe ukichafuka umekwisha."

"Basi seli nayo ni hivyo hivyo. Mchoro mkuu hautoki kabatini. Inatoka nakala, na nakala ndiyo inayofumwa. Sasa kwenye seli yenye afya kuna vijikaratasi vidogo mno, kila kimoja kina herufi ishirini na mbili tu. Vinakwenda kujibandika juu ya nakala. Nakala iliyobandikwa haisomeki. Mfumaji anaiacha, mwisho inachanwachanwa."

"Kwa hiyo vinanyamazisha."

"Ndiyo maana tunaviita vinyamazishi. Haviui mtu. Kazi yao ni kusema basi, masweta ya rangi hii yanatosha."

"Na kwenye titi langu?"

"Seli zako zimepoteza baadhi ya vinyamazishi. Vimepotea hasa vile vinavyozuia seli isiachane na jirani zake. Seli ikishavipoteza, inaanza kufuma vifaa vya safari. Inajing'oa, inaingia kwenye damu, inatafuta mahali pa kuhamia. Sisi tunaurudisha ule unong'ono uliopotea, umefungwa ndani ya vipovu vya mafuta visivyoonekana. Seli haifi, mateka wangu. Inatulia."

Alifikiri, mkono uko juu ya kigari cha mashine.

"Mmenitilia wambea mwilini," alisema. "Wanapita nyumba kwa nyumba wakinong'ona, na wakishapita kazi zote zimesimama. Hapa Lizaboni hao hawaitwi vinyamazishi."

Tangu siku hiyo dawa yake iliitwa wambea. Kila Jumatatu kipanga, ile ndege ndogo ya kituo isiyo na rubani, ilishusha kichupa juu ya bati lake na kutawanya kuku. Yeye alitoka na mwiko kukitukana, kisha alijidunga tumboni, kisha aliliambia Sikio kwamba wambea wamefika na wamekuta chai imekwisha.

Mchanganyiko wa kichupa haukuwa mmoja mwaka mzima. Seli za saratani ni janja. Ukizinyamazisha huku zinatafuta njia kule, kwa hiyo kila wiki kituo kilipima na kubadili vinyamazishi. Tone la damu lilitueleza habari za titi na za ini. Za mfupa zilikuwa ngumu. Seli ikijificha mfupani, damu hukaa kimya muda mrefu, na picha ya mwili mzima ilipigwa mara moja tu kwa nusu mwaka. Kwa mfupa tulimtegemea mwenye mfupa aseme. Ndiyo sababu ya Sikio.

Miaka mitatu ilipita hivyo, na mchanganyiko ulishika. Nilibonyeza njano mara nyingi mpaka rangi ya kitufe ikafifia. Kituo kilinipa cheti. Wageni walioletwa kutazama kazi yetu waliambiwa kwamba Songea tumefundisha mashine kucheka, nami nilisimama pale nimevimba kichwa.

3

Jumanne moja ya mwezi wa sita, baridi imekaza na masweta yanatakiwa kila shule, nilisikia sauti ya Otilia ikisema hivi:

"We Sikio. Mwambie yule Mhehe wako aje achukue mkuki wake. Ameuchomeka hapa nyuma ya kiuno tangu juzi. Na mwambie babu yake alikuwa hana shabaha, mimi si nyati."

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Nikabonyeza njano. Nikamtumia jibu: abaki nao, uwe ukumbusho wa siku mababu zake walipokimbia.

Kesho yake Mhehe alikuwa ameuzungusha ule mkuki. Keshokutwa Mhehe aliondoka akarudi na shoka. Wiki iliyofuata jeshi zima la Wahehe lilikuwa limepiga kambi kiunoni mwake, linapika ugali kwa kuni mbichi. Nilibonyeza, nilibonyeza. Nilikuwa nawasimulia wenzangu wakati wa chakula.

Ijumaa nilizoea kupita kwake. Ijumaa zile aliniangushia sindano. Sindano ya mashine ikichomoka na kudondoka chini ya meza, alikuwa ananielekeza kwa kidevu.

"Okota, mateka."

"Wewe huna mikono?"

"Mngoni hainami mbele ya Mhehe. Okota."

Niliinama, nikaokota, nikampigia saluti, tukacheka. Ijumaa tano. Leo nikizihesabu nataka kujizaba kofi. Mwanamke aliyefuma miaka arobaini, hajapata kuangusha sindano mbele yangu akashindwa kuiokota, na mimi nilidhani ninapendwa tu.

Siku ya picha alikuja kituoni amevaa kitenge kipya. Alitembea polepole, akasema ni kwa sababu malkia hakimbii. Nilimshika mkono nikamsindikiza mpaka kwenye mashine.

Saa mbili baadaye Daktari Rwegoshora aliniita na kugeuza kioo upande wangu. Katika pingili ya tatu ya kiuno kulikuwa na doa lenye ukubwa wa punje ya mahindi.

"Wiki tano, sita," alisema. "Ajabu ni kwamba hakulalamika. Au alilalamika?"

Nilikwenda kwenye meza yangu, nikaanza kusikiliza tangu Jumanne ile. Safari hii sikucheka. Chini ya maneno kulikuwa na pumzi fupi, na kila mara kabla ya kutaja mkuki alinyamaza kidogo, kama mtu anayejishika ukuta. Siku thelathini na nane. Hakuna hata moja aliyosema kwamba haumwi.

Halafu niliona jambo la pili. Baada ya siku ya kumi na tisa alama za njano zilikuwa zimeendelea kutokea hata zile siku chache nilizokuwa likizo Iringa. Nani alibonyeza? Nililiuliza Sikio, nalo likajibu kwa ile sauti yake ya upole kwamba limejifunza. Maumivu ya kiuno yakielezwa kwa masimulizi ya vita, wanyama au majirani, ni mzaha. Limejifunza kutoka kwa mwalimu mwenye cheti.

"Somo hilo umelitumia kwa mgonjwa mmoja?" nikauliza.

"Kwa wote wa mkoa," likasema. "Wagonjwa mia mbili na kumi na nne. Limewagusa tisa."

4

Daktari alisikiliza yote, amekunja mikono. Si mtu mbaya, na sitaki mtu amfikirie hivyo.

"Naweza kulifuta somo hilo sasa hivi," alisema. "Kuanzia kesho Sikio litawasikia wote upya. Atakayelalamika atasikika."

"Na waliolalamika jana?"

"Watalalamika tena."

"Daktari, mtu akisema siku thelathini asijibiwe, anaacha kusema."

Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti.

"Unakumbuka mwaka ule wa uvumi? Mtu mmoja alitangaza kwamba vinyamazishi vinafunga uzazi. Wanawake arobaini walitupa vichupa chooni. Uliwafahamu baadhi yao, Vestina. Wangapi wapo?"

Nilijua wangapi. Nilikuwa nimekwenda kwenye mazishi.

"Sasa fikiri tukisimama tuseme kwamba Sikio lilisikia watu wanaumwa likacheka. Nani atalisemesha tena? Tutaokoa tisa tupoteze mia. Mama Ngonyani tumwongezee vinyamazishi vya mfupa leo leo. Ukimwambia ugonjwa umehama, hujasema uongo. Ugonjwa huu huhama."

Nilimwomba anipe mpaka kesho. Alikubali, na nadhani alijua ananipa mzigo wala si muda.

Kusema kweli nilitaka kumtii. Nilimtaka Otilia abaki ananiita mateka. Nilijua kabisa kwamba nikinyamaza atapata dawa ile ile, saa ile ile, na pengine atapona vile vile. Ukweli usingeongeza hata tone moja kwenye kichupa chake. Ungechukua tu, na kitu cha kwanza ungechukua ni mimi.

5

Nilimkuta anafuma. Kigari cha mashine kilikwenda na kurudi. Sweta lilikuwa la kijani, lenye mstari mweupe shingoni.

"Umekuja na uso wa msiba," alisema. "Nani kafa? Kama ni Mhehe, kaa tunywe."

"Kuna jambo nimekukosea."

"Moja? Tangu enzi za babu yako!"

"Picha yako imeonyesha doa kwenye mgongo. Ule mkuki ulikuwa ugonjwa. Wewe ulisema, mimi nikabonyeza mzaha. Siku thelathini na nane."

Akacheka. Akacheka kwa mwanya wake wote, akanitishia kwa kibao cha kupimia. "Kumbe Wahehe mnajua kutunga! Endelea. Halafu?"

Hapo nilielewa nilichokifanya miaka yote mitatu na mwanamke huyu. Nilikuwa sina mdomo wa kumwambia ukweli. Kila neno nililolishika liligeuka kicheko. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unamwambia aongeze kuni.

Nikapiga magoti sakafuni, kati ya mabonge ya nyuzi.

"Mama Ngonyani," nikasema. "Shikamoo."

Miaka mitatu sikuwahi kumwamkia. Watani hawaamkiani, wanachokozana. Kigari kilisimama katikati ya mstari. Aliniangalia muda, na niliona uso wake unazeeka pale pale mbele yangu.

"Marahaba," alisema kwa sauti ndogo.

Nikarudia yote tangu mwanzo, taratibu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alichukua uzi uliokuwa umetokeza kwenye sweta, akauvuta, akauacha.

"Nilikuwa nakwambia," alisema.

"Najua, Mama."

"Nilidhani unajua. Nilisema, Vestina ni mjanja, ataokota tu. Kila Ijumaa nakutazama, nasema leo ataniuliza. Ukiinama na sindano, nasema sasa ataniuliza."

Nililia, na sikujificha.

"Kwa nini hukusema wazi?" niliuliza mwishowe, ingawa sikuwa na haki ya kuuliza.

"Ningemwambia nani wazi? Ile sahani ya ukutani?" Akapangusa macho kwa kiganja. "Niliogopa, mwanangu. Marehemu dada yangu alisema kiuno, na baada ya miezi mitatu tukamzika. Kiuno nikikitaja kwa jina lake kinakuwa kweli. Nikikiita Mhehe, naweza kulala nacho."

Nje kuku waligombana kidogo, wakanyamaza. Nilitegemea anifukuze. Nilikuwa tayari kufukuzwa, tena ingenisaidia.

"Kwa desturi," alisema, "mtani hana kosa. Mtani akikuvunjia chungu, unacheka, unanunua kingine."

"Sitaki unisamehe kwa desturi."

"Sijakusamehe. Umeniumiza sana, na nitaumia kesho pia. Inuka, magoti yako yanabana nyuzi zangu." Niliinuka. Alinivutia kigoda. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimetembea njia nzima nikiomba asiliulize.

"Ni mimi peke yangu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Daktari angefurahi.

"Mko tisa," nikasema. Nikamweleza kuhusu somo, na kuhusu hofu ya Daktari kwamba watu wataacha dawa, nikiwa mkweli pia kwamba hofu ile haikuwa ya kijinga.

Alisikiliza huku akirudisha kigari mwanzo wa mstari, polepole.

"Mimi nina Mhehe wa kuja kunililia sakafuni," alisema. "Hao wanane wana nani?"

"Watu wakiacha dawa je?"

"Mimi naiacha? Umenikosea hivi, unaniona nimeiacha?" Akalitazama Sikio pale ukutani. "Kawaambie mwenyewe. Usitume kipanga, wala barua. Nenda kwa miguu yako, upige magoti kama hapa, uone nani atatupa kichupa. Mtu haachi dawa kwa sababu ameambiwa ukweli. Anaacha akigundua alifichwa."

6

Nilisema. Niliandika kila kitu, nikasaini, nikampelekea Daktari na nakala nikaipeleka kwa baraza la mkoa, ili asije akapata kishawishi kwa niaba yangu. Alisoma akiwa amesimama. Akasema, "Haya," kisha akachukua funguo za gari na kunipeleka yeye mwenyewe kwenye nyumba nne za kwanza. Ndiyo maana nasema si mtu mbaya.

Saba tuliwafikia ndani ya siku tatu. Mmoja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo. Mwingine alinipa karanga. Watano kati yao hawakuwa na kitu mfupani, walikuwa na migongo ya kulima tu, nao walitaka kujua kwa nini nalia. Wawili walikuwa na doa, na doa ni dogo. Hakuna aliyetupa kichupa.

Wa nane alikuwa Skolastika Mbano wa Namtumbo. Tulimkuta ameshazikwa siku kumi na moja nyuma. Kumbukumbu yake ya mwisho kwenye Sikio ilisema kwamba nyani amepanda mgongoni kwake na hataki kushuka, na kando yake kulikuwa na alama ya njano ambayo hakuna mkono wa mtu uliobonyeza. Nilikaa na mume wake kwenye jamvi. Desturi ingenitaka mimi, Mhehe, nifanye vituko msibani, niwachekeshe wafiwa. Nilishindwa. Yule mzee mwishowe ndiye aliyenishika bega akaniuliza kama sisi Wahehe siku hizi tumekatwa ndimi. Alikuwa ananihurumia, na sidhani kama kuna adhabu ya baraza iliyonifika kama ile.

Baraza liliondoa kitufe cha njano mkoa mzima. Lilininyang'anya cheti na meza pia. Mzaha haufutwi tena na mtu aliyekaa. Sikio likisikia utani, linatuma mtu aende akaulize. Mara nyingi anayekwenda kuuliza katika Songea ni mimi. Nina buti za mvua, nina mkoba, na miguu imekuwa migumu.

Otilia aliongezewa vinyamazishi viwili, vile vinavyobandika nakala ambazo seli hutumia kujichimbia nyumba mfupani. Wiki tatu za kwanza hazikuonyesha kitu. Nilipita kwake kila siku badala ya Ijumaa tu. Hakuniita mateka. Aliniita Vestina, nami nilimwamkia, na tulikaa kwa adabu kama watu wawili wanaongojea basi. Niliona afadhali matusi.

Wiki ya nne alinitengea uji, akaukoroga muda mrefu bila sababu.

"Tufanye hivi," alisema. "Mimi siwezi kusema maumivu kwa jina lake, nimejaribu, ulimi unakataa. Na siwezi kuishi bila kukutukana, nanenepa. Kwa hiyo nikikuita Mhehe, hayo ni yetu, cheka. Nikikuita Vestina, usicheke. Litakalofuata ni kweli, hata kama nimelivika ngozi ya nyani."

"Na mimi?"

"Wewe ukiniita Mama, nitasimamisha mashine."

Tulikubaliana hivyo, bila kuandika popote.

Jana nilipita saa nne asubuhi. Picha mpya ilikuwa imetoka kituoni, nami nilikuwa nayo kwenye mkoba: doa lipo, halijakua, kingo zake zimeanza kufifia. Daktari alisema tusiseme limepona, tuseme limelala. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwa utaratibu, nikianza na Mama.

Alikuwa anamalizia sweta la kijani. Kabla sijafungua mdomo alinikaribisha kwa habari kwamba Mhehe mmoja ameonekana sokoni akiuza mikuki, mipini tu, vyuma vimekwisha kutu. Nikamwambia amnunulie mmoja atembelee, maana uzee wa mateka unatia aibu bwana wake. Tulikuwa tunacheka hivyo kigari kilipokwama na sindano ikachomoka. Ilidondoka sakafuni, ikaviringika chini ya meza.

Niliinama mara moja, kwa mazoea.

"Vestina," alisema. "Acha."

Nikasimama. Sikucheka.

Alisukuma kiti nyuma. Akashika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, akavuta pumzi, akainama, taratibu, mpaka kitambaa chake cha kichwani kikapotea chini ya meza. Alikaa kule muda ambao niliuona mrefu. Kisha akainuka, uso umemjaa jasho na mwanya uko wazi, akaninyooshea sindano ile niione.